Baba Asiyezaa: Historia ya Mchikichi wa Kongo

Mawese yanayouzwa sokoni Kirumba hayakukamuliwa Kirumba. Mji huu wa kusini mwa Lubero, kwenye barabara ya kutoka Butembo kwenda Kanyabayonga na Goma, umekaa juu mno. Baridi yake inafaa viazi, maharagwe na ngano, lakini mchikichi unataka joto la bondeni. Kwa hiyo mafuta mekundu ya kuungia sombe hupanda mlima ndani ya bidoni, juu ya malori yatokayo upande wa Beni, kwenye bonde la Semuliki na mashamba yaliyo kando ya msitu. Mnunuzi huangalia rangi, hunusa, kisha hubishana bei. Mkamuaji aliyeko chini huko ana shida nyingine. Huchemsha mikungu miwili yenye uzito sawa, akatoka na mafuta mengi katika mmoja, na katika wa pili akabaki na rundo la maganda.

Sababu ya tofauti hiyo iligunduliwa hapa hapa Kongo. Iligunduliwa Yangambi, kwenye ukingo wa mto Kongo, kama kilomita 100 magharibi ya Kisangani, ikachapishwa mwaka 1941. Leo mashamba makubwa ya michikichi duniani hupandwa kwa kuifuata.

Chukua tunda moja la chikichi, ulikate kwa upana wake. Nje kuna nyama yenye nyuzi, na humo ndimo yalimo mawese. Ndani ya nyama kuna ganda gumu. Ndani ya ganda kuna kiini, ambacho watu wa Kigoma hukiita mise, chenye mafuta ya namna nyingine. Katika miti mingi ya porini ganda ni nene, milimita 2 hadi 8, na nyama ni kama nusu ya uzito wa tunda au pungufu. Wataalamu huuita mti huo dura. Katika miti michache ganda ni jembamba, kuanzia nusu milimita hadi milimita 4, limezungukwa na duara la nyuzi nyeusi, na nyama hufika asilimia 60 ya tunda, pengine hata kupita 90. Huo ni tenera. Wa tatu ni adimu. Hauna ganda kabisa, na kiini chake kimevikwa nyuzi tu. Huo huitwa pisifera. Ukiutazama haraka utadhani ndio bora kuliko yote, maana ni nyama tupu. Kumbe maua yake ya kike kwa kawaida hunyauka na kuoza kabla matunda hayajakomaa. Na kwa kuwa haubebi mzigo wa mikungu, nguvu zake zote huishia katika shina na majani, ukanenepa na kurefuka kuliko wenzake. Mgeni akipita shambani atausifu kuliko miti yote.

Ukisimama chini ya mti huwezi kutofautisha dura na tenera. Majani ni yale yale, mikungu ni ile ile. Lakini kwa mikungu ya uzito mmoja, tenera hutoa mafuta yanayozidi ya dura kwa takriban asilimia 30. Nyongeza hiyo haidai mbolea, haidai palizi, wala haidai hata mita moja zaidi ya ardhi. Imo yote katika unene wa ganda.

Watu wa misitu walilijua ganda jembamba kabla ya mtafiti yeyote. Kule Kamerun waliliita lisombe, na Wajerumani waliotawala huko waliliandika jina hilo mwanzoni mwa karne ya 20, wakatamani kuupanda mti huo kwa wingi. Wakagonga ukuta. Mbegu za lisombe hazikuota lisombe peke yake. Nyingi zilirudi kwenye ganda nene.

Kwa Kongo ya Wabelgiji jambo hilo liligeuka kuwa suala la fedha. Mwezi Aprili 1911, William Lever, tajiri wa sabuni kutoka Uingereza, alitia sahihi mkataba uliompa haki juu ya michikichi katika maeneo matano makubwa ya koloni. Kampuni yake ikaitwa Huileries du Congo Belge, na Lusanga ikabatizwa Leverville. Mwanzoni alivuna misitu zaidi kuliko mashamba. Wanaume walipanda miti mirefu wakiwa wamefungwa mkanda kiunoni, wakashusha mikungu kwa ajili ya kodi na kwa kulazimishwa, na uasi wa Wapende wa mwaka 1931 ulizaliwa katika mazingira hayo. Naliweka jambo hili hapa makusudi. Historia ya mbegu hupenda kusimuliwa kana kwamba ilitokea katika chumba safi chenye darubini, na watu waliobeba mikungu husahauliwa. Kule juu ya miti walikuwako watu waliojua ni mchikichi upi una ganda jembamba, na hakuna kitabu kilichotaja majina yao.

Mwaka 1900 koloni ilikuwa imefungua bustani ya mimea huko Eala, karibu na mji unaoitwa leo Mbandaka. Ndani ya bustani hiyo ulisimama mchikichi mmoja wa aina ya tenera uliopewa jina la Djongo. Mapema katika miaka ya 1920 mbegu zake, pamoja na za tenera wengine waliochaguliwa, zilipelekwa Yangambi zikapandwa. Desemba 1933 kituo hicho kikawekwa chini ya taasisi mpya ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo ilikuja kuwa kubwa kuliko zote za aina yake katika Afrika ya joto. Mama wa miti ile ya kwanza alijulikana. Baba hakujulikana, maana mbegu ziliokotwa baada ya upepo na wadudu kumaliza kazi yao.

Hapo ndipo anapoingia A. Beirnaert, mkuu wa utafiti wa mchikichi Yangambi. Kabla ya kushughulika na ganda alishughulika na maua, na mwaka 1935 alichapisha kitabu juu ya namna mchikichi unavyochanua. Mti mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini kwa zamu. Kwa miezi kadhaa huwa dume, kisha ukageuka jike. Kwa hiyo ni nadra ujizalishe wenyewe. Chavua hutoka kwa jirani, na jirani hajulikani. Mtafiti anayetaka kumjua baba lazima afunike ua la kike kwa mfuko kabla halijafunguka, alinyunyizie chavua aliyoichagua, kisha alifunike tena. Halafu asubiri. Mchikichi huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na huchukua miaka mingine mpaka mavuno yatulie na kupimika. Mtafiti wa maharagwe wa Mulungu, huko Kivu Kusini, huona kizazi kipya kila msimu. Wa mchikichi hutumia karibu muongo mzima kukiona kimoja.

Lengo la Yangambi lilikuwa lile ambalo mtu yeyote angelifikiria. Tenera ni bora, basi tupandishe tenera kwa tenera, vizazi vikifuatana, mpaka tupate ukoo safi usiozaa kingine. Mbinu hiyo ilikuwa imefaulu katika ngano na mazao mengine mengi. Kwenye mchikichi haikufaulu. Kila watoto wa tenera kwa tenera walipofika umri wa kuzaa, robo yao walikuwa dura, nusu tenera, na robo pisifera wasiozaa. Walipochagua tenera bora zaidi katika watoto hao na kurudia, hesabu ilikuwa ile ile. Hekta moja ya michikichi iliyopandwa kwa umbali wa mita 9 hubeba miti 143. Robo yake ni miti 36 hivi isiyotoa hata bidoni moja, mirefu, minene, inayotia kivuli majirani wanaofanya kazi.

Mtu mwingine angesema uchaguzi haujafanywa kwa makini. Beirnaert na mwenzake Vanderweyen waliziamini namba. Robo, nusu, robo: uwiano huo Gregor Mendel alikuwa ameuona katika njegere zake mwaka 1865, na maana yake ni moja tu. Sifa ya ganda inaongozwa na kitu kimoja kinachorithiwa kutoka kwa baba na mama. Anayepata ganda nene kutoka kwa wazazi wote wawili ni dura. Asiyepata ganda kutoka kwa yeyote ni pisifera. Anayepata nusu huku na nusu kule ni tenera. Basi tenera si ukoo, ni chotara, na hakuna uchaguzi wa miaka elfu utakaomfanya chotara azae chotara watupu. Ukitaka shamba lote la tenera, iko njia moja. Mama awe dura, baba awe pisifera. Hapo kila mtoto, bila kubakiza hata mmoja, atakuwa tenera.

Kwa maneno mengine, baba wa mavuno makubwa ni mti usiozaa. Pisifera aliyehesabiwa hasara shambani alikuwa na chavua nzima, na chavua ndiyo iliyotakiwa kwake. Andiko lao lilitoka mwaka 1941, wakati Ubelgiji yenyewe ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Kwa maoni yangu ni andiko la kilimo lenye faida kubwa kuliko lolote lililowahi kuandikwa katika ardhi ya Kongo, na wasomi wetu wengi hawajawahi hata kusikia kichwa chake.

Waliolitumia kwa pupa ni watu wa mbali. Huko Java, katika bustani ya Bogor, miche minne ya michikichi ilipandwa mwaka 1848. Uzao wake ulipelekwa Deli, Sumatra, ukapandwa kandokando ya njia za mashamba ya tumbaku kama pambo. Mwaka 1911, mwaka ule ule wa mkataba wa Lever, Mbelgiji Adrien Hallet alianza kuipanda kibiashara. Ilikuwa dura yote, lakini dura ya pekee, yenye mikungu mizito na matunda makubwa. Walikosa baba. Kumbe alikuwa amekwisha kuwafikia bila wao kumtambua. Mapema miaka ya 1920 mbegu kutoka Eala zilipelekwa Sumatra, na mmoja wa miti iliyoota, uliopewa namba SP540, ulikuwa tenera. Kutokana na ukoo wake walipatikana pisifera wanaoitwa AVROS, ambao mpaka leo ni mababa wa mamilioni ya miti ya Malaysia na Indonesia.

Hapo likazuka swali la pili, gumu kuliko la ganda. Mavuno ya mchikichi ni idadi ya mikungu mara uzito wa mkungu. Mtu angesema, basi chagua mti wenye mikungu mingi na mizito. Huo haupatikani kirahisi, kwa sababu sifa hizo mbili huvutana. Mti wenye mikungu mingi huwa na midogo, na wenye mikubwa huwa na michache. Michikichi ya Deli ni ya kundi la pili. Ya Afrika, pamoja na ya Yangambi, kwa kawaida ni ya kundi la kwanza. Mwaka 1946 vituo vya Afrika na Asia vilikubaliana kubadilishana mbegu na kuzilinganisha, na matokeo yalionyesha kwamba Deli akioana na Mwafrika, watoto huwapita wazazi wa pande zote mbili. Mama alileta uzito, baba alileta idadi, na pisifera akaleta na ganda jembamba juu yake. Kuanzia mwaka 1957 Wafaransa waliokuwa wakifanya utafiti La Mé, Ivory Coast, waliujenga mpango wao wote wa mbegu juu ya matokeo hayo. Hawakuchagua tena mti bora, walichagua mke na mume wanaofaana.

Idadi ya mikungu nayo ina siri yake. Kila jani la mchikichi hubeba ua moja kwenye kwapa lake, na mti mzima hutoa majani 20 hadi 24 kwa mwaka. Kwa hiyo kikomo cha mikungu kimeshawekwa na idadi ya majani. Kinachobadilika ni maua mangapi yatakuwa ya kike. Uamuzi huo hufanyika ndani ya shina, karibu miaka miwili kabla ua halijaonekana. Ukame ukiupata mti wakati huo, maua mengi hugeuka dume, na mkulima huona mikungu imepungua katika mwaka ambao mvua ni nzuri kabisa. Wengi humlaumu jirani mwenye kijicho. Ni ukame wa mwaka juzi.

Hata mdudu sisi Waafrika tumewapa watu wa Asia. Malaysia ilikuwa ikiwalipa watu kunyunyizia chavua kwa mkono, mpaka mwaka 1981 Rahman Syed, mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistani, alipowapelekea kutoka Kamerun fukusi mdogo ambaye kwetu hufanya kazi hiyo bure. Mikungu ikajaa matunda vizuri zaidi, na kazi ya mkono ikakoma.

Kongo nayo ilikuwa juu. Katika miaka ya 1950 ilikuwa muuzaji wa pili wa mawese katika Afrika, nyuma ya Nigeria. Ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na kuvu aina ya Fusarium ulielezwa kwa mara ya kwanza katika michikichi ya Kongo mwaka 1946, na watafiti wakaanza kutafuta koo zinazouvumilia. Kisha vikaja uhuru wa 1960, vita vya 1964 vilivyoikumba Kisangani na vijiji vyake, na Novemba 1973 agizo la Mobutu la kukabidhi mashamba na biashara za wageni kwa raia aliowapenda. INEAC ikawa INERA. Majengo yalibaki, fedha zikaondoka. Mbegu hazisubiri bajeti. Leo kituo cha utafiti cha Indonesia huko Sumatra huwauzia wakulima wake aina iitwayo DxP Yangambi, yaani dura kwa pisifera, na mwenye fedha huinunua kwa maelfu. Mwaka 2013 wanasayansi wa Malaysia na Marekani walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameipata jeni yenyewe ya ganda. Walikuta mabadiliko mawili yanayoondoa ganda, na moja kati yake liko katika ukoo wa AVROS, yaani ukoo uliotoka Eala.

Turudi Beni. Katika vijiji vingi vya mawese mkulima hapandi mbegu ya kituo. Hung'oa mche ulioota chini ya mti mzuri, akauhamishia shambani. Amechagua kwa akili, kwa kuwa ameukata mkungu, ameona ganda jembamba, amesema huu ndio. Lakini ganda la tunda ni mwili wa mama. Halisemi chochote juu ya kichanga kilicho ndani. Tenera aliyezungukwa na dura, kama ilivyo katika mashamba mengi, atazaa nusu dura na nusu tenera. Katika miti 143, miti 71 hivi imerudi kwenye ganda nene, na mkulima hatajua mpaka mwaka wa nne.

Upande wa pili wa jambo hili ni hatari zaidi. Mbegu bora ya dura kwa pisifera huvunwa juu ya mama aliye dura. Kwa hiyo huja na ganda nene. Mtu aliyefundishwa kwamba ganda jembamba ndilo zuri akipewa mbegu hiyo anaweza kuitupa na kulalamika kwamba ameibiwa. Afisa kilimo anayegawa mbegu bila kueleza neno hili amefanya nusu ya kazi.

Ng'ambo ya Tanganyika wameamka. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, aliitangaza michikichi kuwa zao la kufufuliwa Kigoma, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu za tenera badala ya kutegemea dura za zamani. Uganda walianza mapema zaidi katika visiwa vya Kalangala, kwa chotara za kununuliwa. Sisi tulioipa dunia baba tunaokota miche chini ya miti.

Najua jibu litakalokuja: vita. Ni kweli. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewafukuza watu wa Beni kutoka mashambani, na mwishoni mwa Juni 2024 Kirumba yenyewe iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mchikichi huzaa kwa miaka 25 na zaidi, na mtu asiyejua kama atalala nyumbani kesho hapandi mti wa namna hiyo kwa furaha. Hata hivyo watu wanapanda, maana wanakula. Kama wanapanda, basi na wapande kilicho sahihi, kwa kuwa mche mbaya hula ardhi, jasho na miaka sawa na mche mzuri.

Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989, chenye kitivo cha kilimo. INERA bado ina Yangambi. Bustani ya mbegu haihitaji kiwanda. Inahitaji dura waliopimwa, pisifera wachache wa ukoo unaojulikana, mifuko ya kufunika maua, daftari, na mtu mwaminifu wa kukwea mti kwa wakati wake. Chuo hicho na INERA vikikaa pamoja, mkulima wa Oicha na wa Mutwanga, huko Beni, hatakuwa na sababu ya kuagiza miche kutoka nje. Na wewe mkulima, mpaka hapo watakapoamka, usinunue mche kwa kuonyeshwa tunda la mama yake. Muulize muuzaji baba ni nani. Akishindwa kukujibu, bakisha fedha yako.